Moto wa Magunzi

Wanawake wa Kasoli walikuwa na njia yao ya kumletea Nyanjige maua bila kuvunja amri ya kijiji. Walifika asubuhi kwenye banda la kukaushia, wakatua matenga mlangoni, halafu wakazungumza na ukuta.

"Mwangaluka, ukuta," mmoja alisalimu. "Haya maua ni ya mama Dastan. Nimeyatoa mbegu zote, usije ukasema sikuyasafisha."

"Na haya ni yangu," alidakia mwenzake. "Ukuta wenyewe naona umekonda. Sijui kwao haulishwi."

Wakacheka, wakaenda zao. Nyanjige alisubiri hadi sauti zao zipotelee kwenye njia ya kisimani, ndipo akatoka kubeba matenga. Hakuwakasirikia. Hasira yake ilikuwa na mtu wake, na hakutaka kuimwagamwaga njiani ikamfikia nusu.

Amri ile ilikuwa na mwaka wa pili sasa. Nyumba ya Bujiku, baba yake, ilikuwa imetengwa. Mtu wa kijiji haruhusiwi kuwasalimu, kuwauzia chumvi, kuwapa moto wala kuwapokea mzigo. Akionekana, naye anatengwa. Kutoka humo kulikuwa na njia moja: Bujiku atoe ng'ombe dume, sungusungu wamchinje na kumla, na yeye asimame mbele yao akiri kwamba aliitia maji pamba yake ili izidi kwenye mizani. Dume alikuwa naye. Kukiri ndiko alikokataa.

"Sikutia maji," alisema siku ya hukumu, na tangu hapo hakuligusa tena jambo lile kwa mdomo wake.

Aliyetia maji ni Mahona, na Nyanjige alijua.

Enzi za ushirika pamba ilipelekwa gulioni, karani mmoja, mizani moja. Soko huria lilipokuja, kila mwenye lori na mizani akawa mnunuzi. Mahona alitokea Somanda, mjini Bariadi, juu ya pikipiki nyekundu, akakodi ghala la zamani la ushirika na kuanza kununua pamba kwa niaba ya matajiri wake. Alikuwa mcheshi. Kila mwanamke alimwita mayu, yaani mama, hata wasichana ambao hawajaolewa. Msimu wake wa pili, lori lilirudishwa kutoka kiwandani: pamba ilikuwa imelowa katikati, inafuka, inanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Matajiri wakaja wenyewe kuuliza nani amefanya hivyo.

Mahona akakusanya watu ghalani. Akachota konzi moja ya pamba, akasema imetoka kwenye furushi la Bujiku, maana ndiye aliyepima mwisho. Bujiku huyo, mtu ambaye jani moja kavu kwenye pamba yake lilimfanya alifungue furushi zima aanze upya.

"Geuza shavu, mzee," Mahona alimwambia. Akambandika pamba ile shavuni mbele ya watu wote, kama mama anayempima mtoto homa. "Sikia mwenyewe."

Wakati huo Nyanjige alikuwa amesimama nje, kwenye dirisha la nyuma. Aliona bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, limening'inia kwenye msumari na linadondosha maji. Ulikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba hakuna shamba la pamba linalopuliziwa dawa. Alilisema hilo kwenye kikao. Mzee Ngeleja, mtemi wa sungusungu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema msichana wa nyumba yenye kesi hawezi kuwa shahidi wa kesi. Akae na mama yake.

Mama yake, Felisita, aliugua masika yaliyofuata. Mvua ilipenya jikoni, moto ukazimika, kibiriti kikalowa, na duka la kijiji halikuwauzia kingine. Nyanjige alichukua kigae, akavuka korongo hadi kwa Mzee Ngeleja, akaomba kaa moja tu la moto amchemshie mama uji. Ngeleja alitoka akasimama mlangoni.

"Hatujawasha," alisema.

Nyuma yake moshi ulikuwa unapenya taratibu kwenye nyasi za paa. Nyanjige aliutazama ule moshi, akamtazama yeye, akarudi na kigae kitupu. Felisita alikufa siku ya tatu. Walimzika watu wanne: Bujiku, Nyanjige, katekista, na mjane mmoja aitwaye Specioza, aliyekuja amejifunika kanga hadi machoni, akatupa udongo wake, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo Nyanjige alikuwa anatembea na watu wawili kifuani, Mahona na Ngeleja. Na alikuwa na haja moja. Alitaka Mahona aguswe shavu mbele ya watu walewale, ndani ya ghala lilelile, na baba yake asitoe dume wala asikiri kitu.

Alikwenda Maswa, kwa shangazi yake, kwa sababu kule alisalimiwa. Kule ndiko alikojifunza kazi ya kukausha. Sista mmoja wa misheni alikuwa na kikundi cha akina mama waliokausha choya, ua jekundu lenye nyama ambalo likichemshwa hutoa chai chachu yenye rangi kama damu. Nyanjige alikuwa na darasa la saba tu, lakini macho yake hayakuwa na darasa. Alikaa msimu mzima anatazama moto.

Mwaka wa mvua za Elinino ulimkuta amerudi Kasoli. Mvua zilijikokota hadi zikaingia kwenye miezi ya jua, na hata jua lilipotoka lilikuwa linafifisha rangi ya maua na upepo unayajaza vumbi la ng'ombe. Kampuni moja ya Mwanza ilikuwa imewagawia watu mbegu za choya, na Mahona ndiye aliyekuwa wakala wake, maana pamba peke yake haikumtosha tena. Mtaalamu wa kampuni, kijana mwenye miwani jina lake Salvatory, akajenga banda la kukaushia kando ya ghala, akauliza nani hapa anajua kazi hii. Aliyejua alikuwa mmoja.

"Ng'wana Bujiku?" Mahona alicheka. Yeye ni mtu wa mjini, kutengwa kwa kijiji hakukumhusu. "Haya, mayu, njoo. Ila ukinitilia maji sitahangaika kutafuta ukoo."

Nyanjige alicheka naye kidogo, kicheko cha kutosha kupata kazi.

Banda lilikuwa la tofali za udongo, halina dirisha ila matundu juu ya ukuta na mengine chini. Mdomo wa moto ulikuwa nje. Joto lilipita chini ya sakafu ndani ya mapipa ya mafuta yaliyounganishwa, likatokea upande wa pili kwenye bomba la moshi, ili moshi wenyewe usiyaguse maua kamwe. Ua likinuka moshi halinunuliwi. Ndani, fremu za nyavu zilipangwa moja juu ya nyingine kama ngazi, na kwenye kila fremu maua yalitandazwa bila kulaliana.

Siri ilikuwa kwenye mwendo wa moto. Mtu mwenye haraka huanza na moto mkali, ngozi ya ua ikakaza, maji yakafungiwa ndani, na rangi ikageuka kama ya ini. Nyanjige alianza na magunzi ya mahindi. Kaa la gunzi ni jekundu kuliko la mti, linang'aa vizuri kabisa, lakini joto lake ni la upole na linakufa upesi. Ukiligeuzia kisogo limekuwa majivu. Maua yalitoka jasho kwenye moto huo huku matundu yote yakiwa wazi. Jasho likiisha, ndipo alipotia kuni za mgunga. Kaa la mgunga hulala chini ya jivu hadi kesho yake. Aligeuza fremu, za chini zikaenda juu, akaziba matundu moja moja, akasikiliza. Maua yakikauka huanza kugongana kama maganda ya karanga. Wiki tatu alifanya hivyo, na hakuna hata fremu moja iliyougua.

Mahona alikuja kuona magunia, akanyanyua moja kwa mkono mmoja, akalishusha.

"Mayu, unanikaushia maua au unanikausha mimi?" alisema. "Gunia limejaa hadi mdomoni, na mtoto analibeba kwa kidole."

"Ndivyo yanavyotakiwa, kaka. Bwana Salvatory akija atalivunja ua mkononi. Likipinda bila kuvunjika, anakataa gunia zima."

"Anakuja lini?"

"Alhamisi. Anakagua, tunashona magunia mbele yake, anatia alama. Halafu Ijumaa asubuhi lori linakuja kupima na kubeba."

Nyanjige aliuona muda ule kati ya Alhamisi na Ijumaa ukimwingia kichwani polepole, kama ndama anayerudi zizini mwenyewe bila kuswagwa.

"Na hivi," Mahona alisema, akitazama pembeni, "yakipata unyevu kidogo, tuseme umande, yanakuwaje?"

"Yanakunywa."

"Kama pamba?"

"Yanakunywa kuliko pamba."

Yote hayo yalikuwa kweli. Angeuliza swali moja zaidi, yakishakunywa yanafanya nini, Nyanjige angemjibu. Alikuwa amejiapia hivyo, na alisimama pale na reki yake ya majivu akisubiri aulizwe. Mahona hakuuliza. Pamba ilikuwa imemzoesha kwamba maji yakiingia hayasemi kitu. Alipiga mluzi, akauliza tu magunia yakae wapi.

"Juu kwenye ulingo," Nyanjige alimwambia. "Sakafu ya ghala ina mchwa, na inapanda unyevu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ulingo wa miti ulikuwa umejengwa ndani ya ghala tangu enzi za ushirika, na chini yake ndipo Mahona alipokuwa amelundika pamba ya msimu, ya daraja la kwanza, nyeupe hadi inaumiza macho.

Jumatano aliingia ghalani kuchukua nyavu, akaliona bomba lile kwenye kona, linanuka dawa ya wadudu. Alilitazama kwa muda. Mungu akikataa na maua yakasafiri, kuna watu mbali huko watakunywa chai yake, na hao hawakumkosea. Akalibeba hadi kisimani, akaliosha kwa sabuni na jivu mara tatu, akalinusa, akaliosha tena. Kisha akarudi nalo na kulitundika kwenye msumari. Msumari ulikuwa uleule.

Alhamisi Salvatory alifika. Alitia mkono ndani ya kila gunia, akatoa ua, likavunjika kama ganda la yai. Alitabasamu kila mara, kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda. Kanuni yake ilikuwa kwamba konzi moja ya kila gunia ibaki bandani, kwenye makopo yenye vifuniko, ili kukizuka ubishi kuwe na cha kulinganisha. Nyanjige alijaza makopo. Wakashona magunia, vijana wakayapandisha ulingoni, Salvatory akatia alama, akapanda gari lake kwenda kulala Bariadi mjini.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima vya mawe Mahona alipofunga mizani na kuwaambia watu waende nyumbani, pamba iliyobaki itapimwa kesho. Wawili waliokuwa wamechelewa wakaacha mafurushi yao ghalani, chini ya ulingo, ili wasiyabebe tena. Nyanjige aliingia kuchukua fremu ya mwisho, akayaona. Moja lilifungwa kwa kanga iliyopauka. Aliifahamu kanga ile, aliiona mara moja tu, makaburini. Akalitwika furushi la Specioza kichwani, akalipeleka bandani, akaliweka mahali pakavu.

Akarudi kwa lile la pili. Lilikuwa limefungwa kwa shuka la miraba, na nani hapa Kasoli hakulijua shuka la Mzee Ngeleja? Aliweka mkono juu ya fundo. Pamba ilikuwa safi, imechambuliwa vizuri, mzee naye alikuwa mkulima. Nyanjige alikumbuka lile paa na moshi wake. Akaondoa mkono, akatoka, akavuta mlango vizuri nyuma yake.

Alikuwa anakokota majivu kutoka kwenye mdomo wa moto aliposikia bomba. Linalia kwanza mpini unapopandishwa, halafu linapumua. Lililia, likapumua. Lililia, likapumua. Lilihama kutoka mwisho mmoja wa ulingo hadi mwingine, halijirudii haraka, kazi ya mtu asiyetaka kuruka gunia. Mwili wa Nyanjige ulitulia wote. Kilichomuuma kilikuwa kimoja tu, nacho ni maua. Hakuwahi kukausha vizuri vile, na pengine hatakausha tena.

Hakuhitaji kwenda kuchungulia. Pamba hunywa maji ikanyamaza. Choya hunywa, ikishiba inarudisha, na inarudisha ikiwa nyekundu.

Ijumaa watu walijaa mapema uwanjani, wenye pamba na wenye maua, na lori likaja na Salvatory mbele. Mahona alifika akiwa amevaa koti zito, mikono mfukoni. Mzee Ngeleja alimnyooshea mkono.

"Mwangaluka, bwana Mahona."

"Mwangaluka sana, mzee." Mkono haukutoka. "Unisamehe, mgongo unanisumbua."

"Siku hizi mnasalimiana kwa mgongo huko Somanda?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mahona alimwashiria kijana wa lori afungue. Mlango ulipoachia, harufu ndiyo iliyotoka kwanza, chachu, kama sufuria ya ukwaju iliyolala. Halafu mwanga ukaingia. Kila gunia juu ya ulingo lilikuwa limeota ndevu nyekundu. Ndevu zilikuwa zimeshuka kwenye miti ya ulingo, na kutoka kwenye miti tone moja moja bado lilikuwa linaanguka juu ya pamba. Mlima ule mweupe ulikuwa na mifereji myekundu kutoka kileleni hadi sakafuni, mingine minene kama mkono wa mtu.

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Pamba imechinjwa."

"Ni huyu," Mahona alisema, akimwonyesha Nyanjige kwa kidevu. "Hakuyakausha. Niliwaambia tangu zamani, ukoo huu ni wa maji."

"Jana niliyavunja kwa mkono wangu," alisema Salvatory. Miwani yake ilikuwa imeshuka puani na hakuipandisha. "Gunia kwa gunia."

Nyanjige alikwenda bandani, akarudi na kopo, akalifungua na kumimina maua kiganjani mwa Mzee Ngeleja bila kumwomba ruhusa. Mzee akafumba mkono. Kila mtu alisikia yakisagika. Alipofumbua, upepo ulibeba unga.

Ngeleja alitazama kiganja chake. Alitazama magunia. Alipozungumza, alizungumzia upande wa ukuta.

"Ukuta," alisema, "haya yalikuwa makavu. Maji yametoka wapi?"

Nyanjige alifunika kopo lake, akasimama kimya. Aliwatazama watu, akautazama ukuta, akawa anasubiri pamoja nao. Wenye pamba wakaanza kuguna. Lori lilikuwa linanguruma pale bila kazi. Ngeleja aliuona mlango mmoja tu wa kutokea, na ulikuwa mfupi, inabidi kuinama.

"Nyanjige," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili jina lake kusikika hadharani Kasoli. "Nyanjige, ng'wana Bujiku. Maji yametoka wapi?"

"Mwambie Mahona atoe mikono mfukoni, mzee."

Mahona alisema hana muda wa michezo ya watoto. Vijana wawili wa sungusungu wakasogea, mmoja kila upande, bila kumgusa. Akatoa mikono.

Vidole vyote kumi vilikuwa vya bluu, bluu ya kijivu inayoelekea nyeusi, kucha zikiwa zimekolea zaidi.

Wanawake ndio waliocheka kwanza, kwa sababu wao ndio waliojua. Wote walikuwa wamechuma choya, na hakuna hata mmoja aliyekosea kunawa zaidi ya mara moja.

"Amenawa kwa sabuni," alisema mama Dastan. "Maskini. Choya na sabuni! Kaka, ungetuuliza, sabuni inaigeuza bluu, inatolewa kwa ndimu ile."

"Amesugua sana, mtazame," mwingine alisema. "Kama mtu aliyepiga kura kwa vidole vyote."

Kijana mmoja alikuwa ameshapanda ulingoni. Alishuka na bomba la dawa, mdomo wa bomba mwekundu kama wa kuku aliyechinjwa; ulikuwa umeingizwa kwenye kila gunia kupitia mshono. Ngeleja hakuliangalia. Alikuwa ameliona shuka lake la miraba chini ya ulingo, limegeuka rangi moja. Alipiga magoti, akafungua fundo, akachimba kwa mkono hadi ndani kabisa akitafuta mahali peupe. Alipoinua uso alimtazama Nyanjige, na Nyanjige hakuyakwepa macho yake. Kando ya mlango wa banda Specioza alikuwa amesimama na furushi lake kavu kichwani, haelewi, halafu anaelewa.

"Mwaka ule," Ngeleja alisema taratibu, bado kapiga magoti, "ile ya Bujiku."

"Nilikwambia kuhusu bomba," alisema Nyanjige. "Ukanituma kwa mama."

Aliingia ghalani. Alichagua konzi ya pamba mahali ilipolowa sana, akatoka nayo hadi pale Mahona aliposimama. Watu wakampisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, hakuna aliyemkataza.

"Geuza shavu," alisema.

"Mayu, tuzungumze."

"Geuza."

Mahona alitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma kwenye uwanja ule, akakosa. Akageuza. Nyanjige alimbandika pamba ile shavuni, akaikandamiza kwa kiganja chote hadi maji mekundu yakamshuka shingoni, yakaingia kwenye kola, yakaendelea. Alihesabu pumzi zake mwenyewe ili asiache mapema.

"Sikia mwenyewe," alisema.

Salvatory alimnyang'anya Mahona funguo za ghala na mizani. Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikawaka, na ule wekundu wa shavu ulionekana mbali sana kwenye barabara ya Bariadi.

Mchana huohuo Mzee Ngeleja alivuka korongo na kigae mkononi.

Hiyo ndiyo desturi. Nyumba iliyotengwa kimakosa hairudishwi kwa maneno. Aliyetamka hukumu lazima aende mwenyewe kwenye nyumba ile, aombe moto, aubebe hadi kwake na kuwashia jiko lake. Kijiji chote hukaa kikitazama paa lake. Moshi ukitoka, yamekwisha. Moto ukimfia njiani, anarudi kuomba tena, hata jua likizama, hata kesho.

Bujiku alikuwa uani anasuka kamba ya kufungia ndama. Habari za ghalani zilikuwa zimeshamfikia; Specioza alizileta mbio, na alimsalimu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama pamba ya watu wengine imeharibika, na alipojibiwa, alitikisa kichwa na kurudi kwenye kamba yake.

"Mwadila, Bujiku," alisema Ngeleja.

"Mwadila."

"Nimekuja kuomba moto."

Bujiku alisuka mikunjo miwili, mitatu. Nyanjige, aliyekuwa amekaa mlangoni mwa jikoni, aliona baba yake akiiweka kamba chini.

"Sikutia maji," alisema Bujiku.

"Hukutia."

"Mpe moto, mwanangu."

Nyanjige alichukua kigae, akaingia jikoni. Mafigani mlikuwa na makaa ya namna mbili. Upande wa ndani lilikuwepo kaa la mgunga, kubwa, limejifunika jivu, ambalo lingevuka korongo na kurudi bado likiwa hai. Upande wa nje kulikuwa na magunzi aliyowashia uji wa asubuhi na kuyachochea tena sasa hivi, mekundu, yanameremeta. Hakufikiri kwa muda mrefu. Alikuwa amefikiri miaka miwili.

Akatoka na kaa la gunzi katikati ya kigae, likiwaka vizuri kuliko kaa lolote.

Ngeleja alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima, amezaliwa jikoni kama watu wote, na alilijua. Alilitazama kaa, akamtazama Nyanjige. Nyanjige alikuwa anatazama juu ya paa lao wenyewe, mahali moshi wa mgunga ulipokuwa unapenya taratibu kwenye nyasi.

Mwombaji wa moto hupokea anachopewa. Mzee alilikinga kaa kwa kiganja chake, kiganja kilekile chenye unga mwekundu, akaanza kushuka korongoni kwa hatua za haraka za mtu anayejua hatafika.

Nyanjige alivuta kigoda hadi mahali panapoonekana njia, akakaa. Mbele, ng'ambo ya korongo, paa la Ngeleja lilikuwa kimya. Atarudi. Mama yake, Felisita, alisubiri uji siku tatu.

Akanyoosha mkono nyuma, akachukua gunzi jingine, akalisogeza motoni. Mwaka ule mahindi yalikuwa yamezaa sana.